Kiti cha Nyuma Nilichomkatia Meneja

Chelang'at,

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi yako, ule wenye zipu, na kesho nitakuambia usiifungue mpaka mlango wa ndege ufungwe. Nakujua. Ukiisoma mapema uso wako utasema kila kitu, na kuna mtu mmoja pale uwanjani ambaye sitaki auone uso huo.

Sasa hivi umeenda kuwaaga watu wa kwaya, na baba yako yuko kwa ng'ombe. Mambo ya soksi, dawa na kupiga simu Jumapili tumeyaongea mpaka ukaniambia, "Mum, nimeskia." Basi hayo nayaacha. Nataka kukueleza juu ya kiti ulichokikalia, na juu ya kiti kingine cha ndege hiyo hiyo, safu ya mwisho kabisa, kando ya choo, mahali alipoketi Meneja.

Geuka kidogo umtazame, halafu uendelee kusoma.

Wewe unamwita Uncle. Kila mtu kuanzia hapa Litein mpaka Kericho mjini anamwita Meneja, hata mke wake. Tangu ukiwa mdogo alikuletea biskuti, na siku ya mazishi ya kogo, bibi yako aliyekulea, yeye ndiye aliyekushika mkono pale kaburini, kwa sababu mimi sikuwepo. Unamkumbuka kwa wema huo na sijawahi kukukataza. Anakwenda Toronto kwenye harusi ya mwanawe Kibet, na wewe unakwenda Calgary kazini kwako. Mtakuwa pamoja mpaka Amsterdam, kisha kila mmoja apande ndege yake. Tiketi zote mbili nimezikata mimi, kwa pointi zangu. Mchungaji alipojua alinisifu mbele ya kanisa zima, akasema mimi ni mfano wa mtu mwenye moyo mweupe. Uliona nilivyoinamisha kichwa. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Nilipoanza kukimbia ulikuwa bado unanyonya. Tulikuwa kambini, nyumba ya kupanga kwenye ukingo wa mashamba makubwa ya majani chai, wanawake watano na wanaume tisa, na Meneja ndiye aliyetutafutia mbio za nje. Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia hata kwa basi. Asubuhi tukiwa barabarani alitufuata na pikapu, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, akipiga kelele, "Ongeza, mama, ongeza!" Sauti hiyo niliisikia mpaka ndotoni. Wakati ule sikuichukia. Nilikuwa na mtoto niliyemwacha kwa mama yangu, na kila alipopiga kelele niliongeza kweli, nikijiambia kwamba nikiongeza nitarudi mapema.

Pasipoti zetu alizifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Alisema tungezipoteza, au panya wangezila. Hakuna aliyeona ubaya. Hata barua pepe hatukuwa nazo, kwa hiyo alitufungulia yeye, zote kwa neno moja la siri, na kila kitu cha safari kilikwenda kwake. Siku ya kusafiri alitupanga kwenye kaunta kama watoto wa nasari, akatugawia pasipoti, na tukirudi alizikusanya kabla hatujatoka nje kwenye magari.

Juu ya karatasi ya kupandia ndege kulikuwa na namba ndefu chini ya jina langu. Niliwahi kumuuliza mwenzangu namba hiyo ni ya nini, akasema ni ya mizigo. Nikaamini. Wote tuliamini. Kumbe ilikuwa namba ya akaunti ya pointi. Kila unapopanda ndege, kampuni inakuandikia pointi kwa kadiri ya umbali, na zikifika kiwango fulani unaweza kukatiwa tiketi bila nauli, ukalipa kodi tu. Sisi tulikuwa tunavuka bahari kwa mbio za mitaani za miji ambayo majina yake nimeshasahau. Pointi zilikuwa zinamiminika, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba kuna kitu kinaitwa pointi.

Meneja alijua. Kampuni ile ilikuwa na mpango wa familia, ambapo baba, mama na watoto huweka pointi zao kwenye chungu kimoja, na mkuu wa familia ndiye anayechota. Alituandikisha sote kama watoto wake. Mpaka leo nikiwaza hilo nacheka kwa hasira. Kwenye kompyuta za watu wale Meneja alikuwa na watoto wakubwa kumi na wanne, karibu wote wa rika moja, na mmoja wao alikuwa amemzidi yeye umri. Hakuna aliyeshtuka. Nadhani waliona majina ya Kipsigis wakasema hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyozaa.

Nilikuwa Brazili kogo alipofariki. Nilikuwa nimemaliza wa nne, miguu imevimba, nikapigiwa simu na baba yako. Alisema mama ameenda, na kwamba mazishi ni Ijumaa, wazee wameshapanga na watu wa mbali wameshaambiwa. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya Jumatatu. Nikampigia Meneja, alikuwa hapa Kericho. Aliniambia ametafuta kila mahali na hakuna kiti hata kimoja. "Vumilia, mama," alisema. "Mungu anajua."

Sikuvumilia. Nilikwenda uwanjani na begi langu, nikasimama kwenye kaunta mpaka dada mmoja akanihurumia. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha na chake pia, labda ndiyo maana tulielewana. Aliangalia jina langu, akaangalia tena. Akasema kiti kipo, cha kesho, kuunganisha Johannesburg, na kwamba mtu anayesafiri kama mimi hahitaji hata kulipa nauli, pointi zangu zingetosha na kubaki. Nilimwambia sina pointi. Akageuza kompyuta kidogo, akasema, "Ulikuwa nazo. Zimetumika wiki iliyopita."

Nikamuuliza na nani.

"Na baba yako," akasema. "Amemkatia tiketi kaka yako."

Chelang'at, baba yangu alikufa kabla sijaanza shule. Nilisimama pale nikitaka kumwambia yule dada kwamba sina baba, na kaka sina, lakini sikupata Kiingereza chake. Nikauliza jina la huyo kaka. Akalisoma kwa shida. Kibet. Alikuwa amepelekwa Toronto, chuoni. Baadaye nilijua kwamba pesa za karo zilikuwepo na nauli ilikuwepo pia, waumini wa kanisa walikuwa wamechanga harambee nzima ya kumsafirisha, na mimi nilichanga. Ila pointi zilikuwa pale, mlango wazi, akaona kwa nini alipe.

Pesa za kununua kiti kile cha kesho sikuwa nazo. Zawadi yangu ya mbio ilikuwa inakuja kupitia kwake. Nilikaa pale uwanjani, kwenye viti vya chuma, mpaka ndege yangu ya Jumatatu, kwa sababu nilikataa kurudi hotelini kulala na watu waliokuwa wakishangilia. Nikiwa nimekaa hapo mlimzika mama yangu. Wewe ndiye uliyetupa udongo kwa niaba yangu, na mkono mwingine ulishikwa na Meneja. Alipewa nafasi ya kusema. Baba yako aliniambia maneno yake niliporudi. Alisema, "Mtoto wetu ametafuta ndege, ndege imekosekana." Watu wakalia.

Nilimwendea kambini. Sikupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pointi zile zilikuwa zinaoza tu, kijana alikuwa anachelewa masomo, na sisi wote ni familia moja. Nikamwomba pasipoti yangu. Alinipa akitabasamu, akasema nitarudi. Sikurudi.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikumshtaki kwa wazee. Ningewaambia nini? Kwamba ameniibia kitu ambacho sikujua ninacho, kisichoshikika, kilichokuwa ndani ya kompyuta ya wazungu? Mzee mmoja nilijaribu kumweleza. Aliuliza pointi ni kama alama za mtihani? Nikasema ndiyo, akasema basi atakuwa amekupunguzia tu, utapata nyingine. Nikaenda zangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsalimia Meneja kila Jumapili kwa mikono miwili, na sijawahi kumsamehe hata Jumapili moja.

Nataka ujue hivyo kwa sababu watu watakuambia mama yako ni mpole. Hasira ndiyo iliyonifundisha kompyuta. Nilikuwa nikitoka mazoezini naenda kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, pale Kericho karibu na steji, bado natoka jasho, kijana wa pale ananiwekea gazeti juu ya kiti. Nilifungua barua pepe yangu mwenyewe. Nilipanda basi mpaka Nairobi, ofisi ya kampuni ile, nikatoa pasipoti, nikawaambia mimi si mtoto wa huyo mtu, nitoeni. Wakanitoa. Akaunti ilikuwa tupu, lakini ilikuwa yangu.

Nikakimbia tena, bila meneja, mbio ndogo ndogo nilizojiandikia mwenyewe. Pointi zikaanza kujaa na mimi nikawa bahili nazo. Nilizikalia. Nilitaka zifike safari moja kubwa ambayo sikujua ni ya nani wala ya kwenda wapi, nilitaka tu ziwepo, ili nisiambiwe tena na mtu kwamba hakuna kiti. Goti likaharibika, nikakaa nyumbani msimu baada ya msimu. Siku moja nafungua akaunti nakuta zimeisha muda, zimefutwa zote. Hakuna aliyeziiba safari hiyo. Nilikasirika nikamrushia baba yako kikombe, masikini, na chai ilikuwa bado moto. Kwa hiyo pointi zako usizilinde kwa kuziacha zilale. Zitikise kila mwaka, hata kwa kitu kidogo, zijue mwenyewe yupo.

Nilipofungua duka la mbegu na mbolea nikapata kadi ya benki inayotoa pointi, na kila gunia la dairy meal, chakula cha ng'ombe, nililonunua kwa jumla lilinirudishia kidogo. Wakulima wa Bomet na Kipkelion wanaopakia mbolea pale dukani hawajui kwamba wamekupeleka Canada. Nikaanza kuwakatia wengine pia, wanariadha wadogo, wanafunzi, kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe na neno lake la siri mwenyewe. Nilikuwa nawafukuza waende nje ya duka wakati wa kuliandika neno hilo, ili hata mimi nisilione.

Kosa langu la kipumbavu kuliko yote hulijui, ingawa ulikuwepo nyumbani. Unakumbuka ile safari ya kwenda kumwona daktari wa goti Ujerumani, ambayo nilirudi siku hiyo hiyo nikasema imeahirishwa? Haikuahirishwa. Nilikuwa nimepata kiti cha pointi kinachoanzia Kisumu, Kisumu mpaka Nairobi, kisha Ulaya. Jioni ya kuamkia safari, watu wa kanisa walikuwa wanakwenda Nairobi kwenye mkutano na gari lilikuwa na nafasi ya bure. Nikaona kwa nini nirudi Kisumu nyuma, wakati Nairobi iko mbele na ndege yenyewe itapitia huko huko? Nikapanda gari la kanisa tukiimba. Kaunta ya Nairobi wakaniambia tiketi yangu imekufa. Nilikosa kupanda kipande cha kwanza, na vyote vilivyofuata vikafutwa. Nikawaambia lakini mimi huyu hapa, nimefika, hata nimewatangulia. Yule kijana akasema kwa kampuni mimi sikuanza safari. Hakuna mtu wa huku ambaye hangefanya nilivyofanya, gari la bure unalikataaje? Lakini usifanye. Ukikatiwa tiketi yenye vipande vitatu, panda vitatu, hata kama cha kwanza kinakurudisha nyuma.

Yako nilianza kuitafuta mwaka jana, kabla hata barua yako ya kazi haijafika. Kila ndege ina viti vichache tu vya pointi, na vizuri vinatoka mapema sana, mwaka karibu mzima kabla, kisha vinaokotwa na watu walio macho. Kompyuta ikikuambia hakuna njia kutoka Nairobi mpaka Calgary, usiiamini. Tafuta kipande kwa kipande. Nilipata Amsterdam peke yake, nikapata Calgary peke yake, nikapiga simu ofisini nikawaambia viungeni kwenye tiketi moja. Nilisisitiza iwe moja. Vikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine. Nilikuchagulia pumziko refu pale Amsterdam, asubuhi mpaka alasiri, na kiti cha mbele upande wa dirisha, ili uteremke kati ya watu wa kwanza. Nilichukua muda mwingi juu ya kiti hicho kuliko niliochukua kumchagua baba yako, na usimwambie.

Halafu Meneja akaja dukani.

Amezeeka, umemwona. Wanariadha wote walimtoka, mmoja mmoja, na kwa kutoka walichukua pointi zao. Aliketi juu ya gunia, akaulizia hali ya baba yako na ya majani chai, akazunguka zunguka, mwisho akasema.

"Mama Chelang'at, Kibet anaoa. Na tiketi mwezi wa nane ni moto, siwezani nayo. Nimeskia wewe ndio unajua hii maneno ya pointi."

"Nilijifunza kwako," nikamwambia.

Akacheka akafurahi. Alidhani namsifu. Wallahi, mwanangu, alidhani namsifu! Miaka yote hiyo nilifikiri anajua ninachokibeba, na kwamba salamu zangu za Jumapili zinamchoma. Hazikumchoma hata kidogo. Alikuwa amesahau. Brazili aliisahau, kaburi alilisahau, kwake ilikuwa ni kiti cha Kibet tu, na Kibet alishafika. Hapo ndipo niliamua. Kama angekuja ameinamisha macho labda ningemfukuza, nikaishia hapo.

"Wewe ni kama mtoto wangu," akaendelea. "Nitafutie kiti tu. Hata ya nyuma."

Nikamwambia nitamtafutia.

Jioni nilifungua kompyuta. Harusi ni asubuhi inayofuata siku anayofika, hakuna siku ya akiba. Kutoka Amsterdam kwenda Toronto siku hiyo kulikuwa na ndege mbili zenye kiti cha pointi. Moja inaondoka mchana, mtu anashuka, anakunywa chai, ananyoosha miguu, anaipanda. Nyingine inaondoka mapema sana, muda mfupi kabisa ambao kampuni inakubali kuuza, na geti lake liko ncha ya pili ya uwanja ule. Nimeupita uwanja ule mara nyingi. Ni mrefu kuliko unavyodhani, una korido zisizoisha, na ukienda kwa mwendo wa kawaida hufiki.

Nilichagua ya mapema.

Kisha ikaja picha ya viti. Mbele palikuwa na nafasi. Katikati palikuwa na nafasi. Alikuwa ameniambia hata ya nyuma, na mimi nilimchukua kwa neno lake. Safu ya mwisho, katikati, ambapo unasubiri kila mtu ndani ya ndege asimame, ateremshe begi lake, amtafute mtoto wake, avae koti, kabla wewe hujapata hata pa kuweka mguu. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nilibonyeza ndiyo na nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa nashinda mbio.

Baba yako aliingia akanikuta natabasamu peke yangu. Alikuwa ameshajua Meneja alikuja. Akaniuliza, "Umemsamehe?"

"Nimemkatia tiketi," nikasema.

Akaenda kulala. Baba yako si mjinga.

Sikumdanganya Meneja. Tiketi ni halali, ni moja, begi lake litafika. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba muda wa kuunganisha ni mdogo na atembee haraka. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma, akasema atakuwa na wewe, utamshikia begi lake la mkononi na kumwonyesha njia. Leo amerudia mbele ya watu, uliitikia ukasema "sawa Uncle." Hiyo ndiyo sababu nakuandikia, na hiyo ndiyo sababu nilingoja mpaka mlango ufungwe.

Najua moyo wako, ulilelewa na kogo. Umefika hapa unatafuta jinsi ya kumpa kiti chako cha mbele. Usimpe. Hicho kiti kina miguu yangu ndani yake. Akikuuliza geti liko wapi mwonyeshe, sitaki useme uongo kwa ajili yangu. Lakini begi lake abebe mwenyewe, na usimsubiri mlangoni. Teremka, nenda zako.

Anaweza kuwahi. Kwa mtu anayekimbia, muda unatosha, niliuhesabu kwa miguu ya mtu wa umri wake na nikampa kidogo ya juu. Sikutaka iwe haiwezekani. Yeye hakuniachia hata hiyo. Akiwahi, atamwona mwanawe akioa, na kwa ajili ya yule kijana, ambaye hakujua chochote, nitafurahi kidogo. Asipowahi, ile ndege ya mchana itakuwa imeshajaa, mwezi wa nane haibakizi kiti, ataambiwa kwa upole kwamba hakuna kiti mpaka kesho, atakaa kwenye viti vile vya chuma, na huko Toronto mtu mwingine atasimama mbele ya watu aseme mzee ametafuta ndege, ndege imekosekana. Nami nitalala usingizi mzuri. Nimejiuliza kama ninapaswa kuona aibu kwa kuandika hivi kwa mtoto wangu. Sioni. Naona tu kwamba wewe unaondoka na nyumba itakuwa kimya, na hilo ndilo linaloniliza, si Meneja.

Ndani ya bahasha hii kuna namba ya akaunti yako. Nimekufungulia kwa jina lako, na pointi za kila safari utakayolipia zitaingia humo zenyewe ukishuka. Neno la siri utaliandika wewe, na usiniambie. Hata nikilia kwenye simu, hata nikisema nimesahau yangu. Siku mimi nitakapokufa, usimpigie mtu kumuuliza kama kuna kiti. Utajua mwenyewe.

Saisere, lakwet, kwaheri mwanangu. Amsterdam ukishuka utaona kila mtu anakwenda mbio na utataka na wewe ukimbie. Usikimbie. Una muda wote ule, nilikutafutia. Nilikimbia kwa ajili yako barabara zote zile, basi wewe tembea katikati ya korido, polepole, kichwa juu. Na utakaposikia nyuma yako mtu mzito anakuja, viatu vinapiga sakafu, pumzi zinamwishia, na akikufikia ubavuni begi mkononi, mpishe. Usimtukane. Mwambie maneno machache tu, kwa sauti ile aliyoitumia kwenye kioo cha pikapu. Ataelewa yanatoka kwa nani.

Mwambie: "Ongeza, Meneja, ongeza."

Mama yako